Panzanella: saladi ya Kiitalia ya mkate mkavu na nyanya, hatua kwa hatua

Kila ikifika Julai maswali huwa ni yale yale. Mkate lazima uloweshwe? Mkate wa slesi unafaa? Mbona yangu imegeuka uji? Nimeyajibu kwa simu na kwa ujumbe mara nyingi, kila mtu kipande chake. Leo nayaweka yote mahali pamoja ili wewe unayeanza uweze kufuata toka mwanzo hadi sahani iko mezani.

Panzanella ni chakula cha Toscana, eneo la katikati ya Italia ambako Firenze ndio mji mkuu. Ni chakula cha watu wa shamba. Walioka mkate kwa siku kadhaa kwa mpigo, na mkate ukikauka hawakuutupa. Wakati wa baridi uliingia kwenye supu ya maharage na mboga iitwayo ribollita, au ukapikwa na nyanya ukawa pappa al pomodoro. Wakati wa joto, ambapo hakuna anayetamani kuwasha jiko, uliloweshwa kwenye maji baridi na kuchanganywa na vilivyopo bustanini. Nyanya yenyewe ilichelewa kufika: mchoraji Bronzino wa Firenze, aliyeishi karne ya 16, aliisifu katika shairi saladi ya mkate, vitunguu na matango, na nyanya haimo.

Nimeanza na historia hiyo kwa sababu ina kazi. Wengi huitazama panzanella kama kachumbari iliyotiwa vipande vya mkate, kisha wanashangaa haina ladha. Hapa mkate ndio chakula chenyewe. Nyanya, kitunguu, siki na mafuta vipo ili mkate uvinywe. Karibu kila kosa nitakalolitaja linatokana na kusahau hilo.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Kipimo hiki kinatosha watu 4 kama mlo wa mchana, au 6 kama kitu cha pembeni.

- Mkate mkavu wa siku 2 hadi 4, gramu 300
- Nyanya zilizoiva sawasawa, gramu 600
- Kitunguu chekundu kimoja cha wastani
- Tango moja, takriban gramu 200
- Majani ya mrehani, kiasi cha 20
- Mafuta ya zeituni ya mkamuo wa kwanza, vijiko 5 vya chakula
- Siki ya divai nyekundu, vijiko 4 vya chakula (2 vya kuloweka, 2 vya mchuzi wa saladi), na kidogo ya akiba
- Chumvi na pilipili manga
- Maji baridi ya kunywa, lita moja na nusu

Vyombo: mabakuli mawili makubwa na moja dogo, chujio kubwa la kuchujia tambi, kisu chenye meno cha mkate, na kitambaa safi cha jikoni.

Sasa niseme machache juu ya vitu vinavyoleta maswali.

*Mkate.* Mkate wa Toscana ni mkubwa, una ganda gumu, ndani una matundu, na hauna chumvi kabisa. Mtu akiuonja mara ya kwanza peke yake hudhani mwokaji amesahau kitu. Lakini ndiyo desturi yao ya karne nyingi, na tangu 2016 mkate huo unalindwa na sheria za Umoja wa Ulaya kwa jina lake, Pane Toscano. Kama huupati, tafuta mkate wowote wa unga, maji na chachu tu, wenye ganda gumu. Boflo lenye ganda linafaa. Mkate wa slesi haufai. Una sukari, mafuta na ulaini uliokusudiwa usikauke, na ukiingia majini unayeyuka. Mikate ya maziwa nayo usiijaribu.

*Nyanya.* Ziwe zimeiva hadi zinanukia ukizisogeza puani upande wa kikonyo. Toscana hutumia nyanya kubwa zenye mikunjo mikunjo, kama ile iitwayo costoluto fiorentino, au cuore di bue, "moyo wa ng'ombe". Costoluto ina maji mengi na uchachu wa kutosha. Nyanya ndefu ngumu zilizozalishwa ili zistahimili safari ndefu kwenye matenga, kama Tanya na Cal J za Tanzania, zitumie tu baada ya kuziacha mezani siku 2 au 3 zaidi hadi zilegee. Usiziweke kwenye friji. Baridi huua harufu yake.

*Mrehani.* Waitalia huuita basilico, na aina yao ina majani mapana, laini, yenye kung'aa. Sisi wa Pwani tunaujua mrehani zaidi kwenye vikuba, pamoja na asumini na mawaridi, kuliko kwenye sahani. Wetu una harufu kali zaidi. Kama ndio ulio nao, tumia nusu ya kipimo.

*Siki.* Asiyetumia ya divai achukue siki ya tufaha. Siki nyeupe kali ya chupa kubwa iepuke, au ipunguze kwa maji nusu kwa nusu.

Hatua za kufuata

1. Kausha mkate, siku 2 kabla. Ukate vipande vinene vya sentimita 2 hivi, uvipange juu ya kitambaa na uvifunike kwa kitambaa kingine. Usivitie kwenye mfuko wa plastiki. Plastiki hushika unyevu, na badala ya kukauka mkate utaota ukungu. Ukiwa mahali penye unyevunyevu mwingi, kama miji ya mwambao, kagua kila asubuhi. Ukiona doa la kijani au jeupe lenye manyoya, tupa kipande chote. Kukata doa peke yake hakutoshi, kwa sababu ukungu huingia ndani kuliko unavyoonekana. Mkate uko tayari ukiugonga na ukasikia mlio mkavu.

2. Anza na kitunguu. Kimenye, kikate vipete vyembamba kadiri mkono wako unavyoweza, kitie kwenye bakuli dogo lenye maji baridi, kijiko kimoja cha siki na chumvi kidogo. Kiache dakika 20 hadi 30. Ukiwa na mazoea ya kuosha vitunguu vya kachumbari kwa chumvi unajua tayari sababu yake: ukali unatoka, utamu unabaki. Usivifikiche, kwa sababu hapa tunataka vibaki vikakamavu.

3. Kata nyanya na uzitie chumvi. Vipande vya ukubwa wa tonge dogo. Viweke kwenye chujio juu ya bakuli, nyunyiza kijiko kimoja cha chai cha chumvi, geuza kwa mkono, acha dakika 15 hadi 20. Maji mekundu yatadondoka chini. Usiyamwage. Hayo ni nusu ya ladha ya saladi, na utayahitaji kwenye hatua ya 7. Kama mkate wako una chumvi, yaani si wa Kitoscana, tumia nusu kijiko tu.

4. Lowesha mkate. Tia maji baridi lita moja na ushee kwenye bakuli kubwa pamoja na kijiko kimoja cha siki. Zamisha vipande vya mkate. Hapa hakuna dakika maalum. Mkate wa siku 2 unaweza kutosheka kwa dakika 5, wa siku 4 ukahitaji 15 au hata 20. Pima kwa vidole: bonyeza katikati ya kipande. Ukihisi kokwa gumu ndani, bado. Kikilegea chote lakini hakijaanza kumeguka, kitoe mara moja. Maji haya hayatachemshwa, kwa hiyo mahali ambapo maji ya bomba hayanyweki tumia yaliyochemshwa yakapoa. Mboga nazo zioshwe kwa maji ya namna hiyo hiyo.

5. Kamua. Hii ndiyo hatua inayotenganisha panzanella na uji, na ndiyo wengi wanaifanya kwa woga. Niliifahamu vizuri nilipomtazama mama mwenye nyumba niliyopanga karibu na Firenze. Alichukua kipande kimoja kwa mikono yote miwili, akakikunja katikati ya viganja, akakibana taratibu kwanza, kisha kwa nguvu hadi maji meupe yakapita kati ya vidole vyake. Akakigeuza, akabana tena. Alipofungua mikono kilichobaki kilikuwa bonge dogo lenye alama za vidole. Ni vile vile unavyokamua nazi kupata tui: mkono wa kwanza unatoa mengi, wa pili unatoa yaliyojificha. Usisimame kwenye ule wa kwanza.

6. Chambua. Lile bonge lifungue kwa ncha za vidole juu ya bakuli kavu, kama unavyochambua samaki kuondoa miiba. Ganda likibaki gumu sana litoe. Ukimaliza, mkate uwe mwepesi na uliochambuka, mithili ya machicha ya nazi yenye vipande vikubwa vikubwa hapa na pale. Ukiugusa uwe na unyevu lakini usiache maji kiganjani. Ukishikamana kama ugali, hukukamua vya kutosha. Utandaze kwenye kitambaa kikavu, ukunje, ubane tena.

7. Tengeneza mchuzi wa saladi. Chukua maji ya nyanya yaliyodondoka, ongeza siki vijiko 2, mafuta ya zeituni vijiko 5, na pilipili manga iliyosagwa wakati huo huo. Koroga kwa uma. Onja kwa kuchovya kipande cha mkate uliokamuliwa, si kwa kijiko. Kwenye kijiko siki itaonekana kali. Kwenye mkate itatulia. Usiongeze chumvi bado.

8. Changanya kwa mpangilio. Mimina theluthi mbili ya mchuzi juu ya mkate peke yake na uugeuze kwa mikono hadi kila sehemu ipate. Ndipo uongeze nyanya, vitunguu vilivyochujwa, na tango lililokatwa slesi nyembamba. Tango lenye ganda chungu limenye. Lenye mbegu kubwa litoe mbegu kwa kijiko. Geuza kwa kunyanyua kutoka chini kwenda juu. Ukikoroga kwa mzunguko kama unakoroga mchuzi, unauponda mkate.

9. Iache ipumzike. Funika, weka mahali pa baridi au kwenye friji, saa moja hadi mbili. Ninajua njaa inauma. Lakini saa hiyo moja ndiyo mkate unapokunywa mchuzi, na panzanella iliyoliwa papo hapo na iliyopumzika ni kama vyakula viwili tofauti.

10. Malizia. Itoe friji dakika 20 kabla ya kula ili mafuta yalegee. Onja sasa chumvi na siki, ongeza mchuzi uliobaki. Chana majani ya mrehani kwa mkono na uyatie dakika ya mwisho. Ukiyakata kwa kisu kisicho kikali, au ukiyatia mapema, yatakuwa meusi.

Kama huna mkate mkavu na wageni wanakuja leo

Kata mkate vipande vya sentimita 3, utie kwenye oveni ya nyuzi joto 130 kwa dakika 25 hadi 35, ukiugeuza mara moja. Lengo ni kuukausha, si kuuchoma. Ukianza kuwa wa kahawia, punguza moto. Mkate wa namna hii usiuloweshe kwenye bakuli la maji. Umwagie moja kwa moja maji ya nyanya na mchuzi, uache dakika 30.

Matokeo yake ni saladi ya vipande vinavyovunjika nje na laini ndani, na nje ya Italia wengi huijua hiyo tu. Ni tamu, silaumu anayeipenda. Ila mkate uliokaushwa kwa oveni umepoteza maji tu, wakati ule uliozeeka taratibu wanga wake umekaza, na ndiyo maana unaweza kuloweshwa na kukamuliwa bila kuyeyuka. Ukipata nafasi ya siku mbili, fanya ile ya kwanza.

Kuhusu kuongeza vitu vingine

Swali hili halikosekani. Zeituni, tuna wa kopo, mayai ya kuchemsha, pilipili hoho, jibini? Mikoa jirani ina namna zake, na Roma wengi hawachambui mkate kabisa: kipande kizima kinaloweshwa na nyanya hupangwa juu. Kusini, Puglia, kuna cialledda, ndugu yake wa karibu. Kwa hiyo hakuna polisi wa panzanella. Ushauri wangu ni kuitengeneza kwanza mara mbili kama ilivyo hapa, ulimi wako uzoee ladha ya mkate, siki na nyanya. Baada ya hapo ukitia tuna utajua unaongeza nini. Parachichi ndilo ambalo ningekuomba uliache kabisa. Linafunika mkate kwa mafuta na mchuzi hauingii.

Mambo yakiharibika

*Imekuwa uji.* Mimi mwenyewe mara ya kwanza nilitumia mkate wa slesi, nikawapa ndugu waliokuja kunitembelea bakuli la kitu cha waridi kisicho na umbo. Sababu ni tatu: mkate laini, kulowesha kupita kiasi, au kukamua nusu nusu. Ukishachanganya huwezi kuirudisha. Iokoe kwa kuitia kwenye sufuria na kitunguu saumu kilichokaangwa kidogo kwenye mafuta ya zeituni, nyanya zaidi na maji kidogo, uipike dakika 20. Tango litoe kwanza. Utapata kitu kilicho karibu na pappa al pomodoro, na kinalika vizuri kikiwa vuguvugu.

*Ni kavu, inakwama kooni.* Nyanya hazikuwa na maji. Kuna nyanya moja ya ziada nyumbani? Ikwangue kwenye kikwangulio, chuja ganda, mimina maji yake na kijiko cha mafuta. Usiongeze maji matupu.

*Haina ladha.* Tisa kwa kumi ni chumvi au siki, si mafuta. Ongeza chumvi kidogo, subiri dakika 5, onja tena. Mkate usio na chumvi hudai nyingi kuliko unavyodhani. Ikibaki bubu, ongeza siki nusu kijiko.

*Ni chachu mno.* Tia mkate zaidi ikiwa umebaki, au mafuta kijiko kimoja. Wengine hutia sukari. Mimi sioni haja, nyanya iliyoiva ina utamu wake.

*Kitunguu kinatawala kila kitu.* Hukukiloweka muda wa kutosha au kilikuwa kikali mno. Vitoe vingi uwezavyo kwa uma. Safari ijayo badilisha maji mara mbili. Italia wana vitunguu vyekundu vitamu kama vya Tropea na vya Certaldo, ambavyo havihitaji taabu hii. Sisi tunaotumia vya sokoni tuviloweke tu.

*Maji yamejaa chini ya bakuli.* Nyanya hazikuchujwa, au tango lilikuwa na mbegu nyingi. Inamisha bakuli, mimina maji hayo kwenye kikombe, onja: yakiwa matamu yarudishe kidogo kidogo kadiri mkate unavyoyanywa. Upe mkate dakika 15 kabla ya kuamua.

Kuihifadhi

Kwenye joto la kiangazi isikae mezani zaidi ya saa 2. Kwenye friji, ikiwa imefunikwa, inafika kesho mchana na si zaidi; tango litakuwa limelegea lakini mkate utakuwa umekolea kuliko jana. Ukijua utabakisha, tenga sehemu yako kabla ya kutia tango na mrehani, na uviongeze vikiwa vibichi siku utakayokula. Haigandishwi.

Kama unaipeleka pikiniki au kazini, beba mkate uliokwisha kuchambuliwa na kutiwa mchuzi kwenye chombo kimoja, nyanya na vitunguu kwenye kingine, uchanganye saa moja kabla ya kula. Mrehani usafiri mzima, na mashina yake, umefungwa kwenye kitambaa chenye unyevu.